Kola ya Aliye Hai

Ikiwa umeambiwa juzi tu kwamba una saratani ya tezi za limfu, huenda bado hujasikia chochote kilichofuata neno hilo. Mimi sikusikia. Daktari aliendelea kuzungumza nami nikawa natazama kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake, ambayo bado ilionyesha mwezi uliopita, nikijiuliza kwa nini hakuna aliyeifunua. Nilitoka pale na bahasha mkononi, na ilibidi nirudi kuuliza nimeambiwa nini.

Ninakuandikia wewe. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Hiyo ni kazi ya daktari wako. Nitaeleza kusubiri, na mwili, na nyumba, kwa sababu kuhusu hayo sikupata mtu wa kunieleza.

Ugonjwa ulianza na jasho. Huku Doha, Qatar, mwezi wa sita kila mtu hulowa, kwa hiyo jasho langu halikumshangaza mtu, hata mimi. Nilidhani ni mashine ya baridi ya chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, ambayo ilikuwa ikizimika yenyewe. Kisha nikapungua. Nilikuwa msimamizi wa stoo ya mashuka katika hoteli moja ya West Bay, na wasichana wa vyumbani walinipongeza. "Mama Sharon, umekatika vizuri! Tuambie unakula nini." Nilikuwa sili. Mwishowe mume wangu, Josphat, aliona uvimbe chini ya taya nilipokuwa nikifunga kitambaa. Alikuwa dereva wa kampuni, na aliniambia kwa sauti ile anayotumia akisikia mlio mbaya kwenye injini, "Hiyo si ya kuachwa."

Hapa lazima nieleze kuhusu wanasesere, maana bila wao hutaelewa yaliyotokea nyumbani.

Miaka michache kabla ya ugonjwa, mgeni mmoja Mjapani aliyekuwa akiishi katika vyumba vya hoteli vya wakaaji wa muda mrefu aliteremka hadi stoo yangu. Mumewe alikuwa mhandisi wa gesi. Yeye aliitwa Sachiko. Aliomba zile karatasi ngumu ambazo dobi huweka ndani ya shati lililopigwa pasi. Nilipomuuliza za nini, alinionyesha: alizikata mwili mwembamba, akauvika kimono cha karatasi ya Kijapani yenye maua, akaweka nywele za karatasi nyeusi laini iliyojaa mikunjo midogo, na mshipi mpana kiunoni. Usoni hakuweka kitu. Ulikuwa mweupe mtupu.

Alinifundisha katika saa zangu za mapumziko, mpaka mumewe alipohamishwa. Aliniachia sanduku la karatasi, na yaliyobaki nilijifunza mwenyewe kwa rula, kibano na video nilizozitazama tena na tena. Sikusoma zaidi ya kidato cha nne. Ninachojua nimekijua kwa kurudia.

Uso hauwekwi, Sachiko alisema, kwa sababu uso huletwa na anayetazama: ukiwa na furaha utauona unacheka, ukiwa na huzuni utauona unalia. Kola nayo ina sheria. Upande wa kushoto wa mvaaji huja juu ya ule wa kulia. Hiyo ndiyo kola ya mtu aliye hai. Kulia kukija juu ya kushoto, huyo ni maiti. Wajapani huwavika hivyo wafu wao tu. Na kuna jambo la tatu ambalo wakati ule nililiona kama hadithi ya kupendeza. Kwao, majira ya baridi yanapokwisha, kuna mahali ambapo familia huchukua mtu wa karatasi, humpitisha juu ya mwili wa mtoto, humpulizia pumzi, kisha humweka mtoni aende na maji. Huondoka na maradhi na mikosi ya huyo mtoto.

Nilikuwa na rafu nzima ya wanasesere juu ya kitanda chetu. Josphat aliwazoea, au alinyamaza. Hata hivyo, habari za ugonjwa zilipofika kwao Webuye, Kenya, wifi yangu Rosa alipiga simu, na Josphat akaiweka sauti ya juu kwa kuwa alikuwa akikaanga mayai.

"Kaka, mtu hawezi kulala chumba kimoja na watu wasio na macho. Unajua ni kwa nini hawana? Kwa sababu wanatumia yake."

Josphat alizima jiko. Hakula yale mayai.

Nilianza dawa joto likiwa bado kali. Ukumbi wa kusubiri ulikuwa baridi kama stoo ya nyama. Chukua shuka, na usione haya. Dawa mojawapo ilikuwa nyekundu, na mkojo ulitoka mwekundu. Usiogope, nami niliogopa bure. Vidonge vilinifanya nile kama kibarua wa mjengo na uso ukafura. Chakula kilikuwa na ladha ya kijiko. Nywele zilinyonyoka kwa mafungu bafuni, halafu nyusi zikafuata, na siku moja nilijiona kwenye kioo cha lifti ya hospitali: uso mviringo, mweupe kwa poda, usio na kitu juu yake. Nilijua nimefanana na nani. Nilishuka ghorofa isiyo yangu nikapanda ngazi.

Katika ukumbi ule nilimpata Zuhura. Alikuwa mtu wa Mombasa, mlezi wa watoto katika familia moja iliyoishi mtaa wa matajiri wa The Pearl, na alikuwa ametangulia kuugua kabla yangu. Alikuwa na mzaha ambao ungeweza kukuudhi siku ya kwanza.

"Dadangu," aliniambia, "tumekaa hapa kama nguo kwa dobi. Kila mtu na namba yake, na hujui utarudishwa umefuliwa au umechanika."

Tulipangiwa siku moja, kwa hiyo kila awamu ya dawa tulikaa pamoja. Nilipomweleza kuhusu watu wa karatasi wanaopelekwa mtoni, alicheka mpaka dripu yake ikalia.

"Bibi yangu Kisauni alikuwa akimkanda mtoto kwa unga, kisha ule unga hufinyangwa mtu, ukatupwa njia panda. Kwa hivyo na Wajapani wana waganga?"

"Si waganga. Ni akina mama na watoto wao. Ni kama sikukuu."

"Hata bibi alisema hivyohivyo."

Hata hivyo, aliniomba mmoja, wa kukaa naye tu. Nilimletea katika awamu ya tatu: kimono cha buluu chenye mawimbi, mshipi wa dhahabu. Alimgeuza huku na huku. "Hana uso? Afadhali. Angekuwa na macho ningemwacha hapahapa kitini, nisije nikawafungia malaika mlango; hawaingii penye sanamu." Akamtia mfukoni mwa buibui, kichwa kikichungulia nje.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko hospitalini. Rosa alipiga simu kila Ijumaa baada ya ibada ya Josphat, maana Doha Wakristo husali Ijumaa. Josphat alikuwa akinipeleka, akinirudisha, akinishikia beseni nikitapika. Kisha anaketi ukingoni mwa kitanda akiitazama ile rafu.

"Mama Sharon, hao watu wako watoke."

"Ni karatasi, Baba Sharon."

"Hata talaka ni karatasi."

"Sachiko anawatengeneza tangu utotoni na ni mzima."

"Yeye ni wa kwao. Wewe walikukuta tu."

Sikuwatoa. Nilikuwa na sababu moja kubwa: katika mwili ule uliokuwa ukinigeuka kila asubuhi, kukunja karatasi ndiyo kazi pekee niliyoifanya kama mimi. Nilijua pia kwamba Josphat amekosea, na mtu anayejua kwamba mwenzake amekosea huwa mgumu wa moyo. Usiige.

Vidole vilianza kufa ganzi kidogokidogo tangu awamu ya kwanza, na baada ya ile ya tatu ikawa ganzi kamili. Watakwambia kuhusu ganzi, lakini hawatakwambia ilivyo. Nilishika sindano nisijue nimeshika. Nilifunga kifungo kwa kukitazama. Kwenye karatasi ilikuwa vibaya zaidi, maana mkunjo mzuri husikika kwenye ncha ya kidole kabla haujaonekana. Nilikuwa nimebadilisha namna ya kufanya kazi, tangu dalili za kwanza, bila kutilia maanani: badala ya kumshika mwanasesere mkononi kichwa kikiwa juu, nilimlaza mezani kichwa kikinielekea, nikavuta nguo kwa kibano. Mkono ukaendelea na mazoea yake ya miaka yote.

Asubuhi moja nilikuwa nikipanga rafu nikawaona. Wale wote niliowatengeneza tangu nianze dawa walikuwa wamevaa kulia juu ya kushoto. Nilikuwa nimegeuza mwanasesere na sikugeuza mkono. Maelezo yake yalikuwa mepesi namna hiyo, na niliyapata palepale. Hayakunisaidia. Nilikaa sakafuni. Nilikuwa nimeketi mwezi baada ya mwezi, mgonjwa, nikitengeneza kwa makini safu ya maiti juu ya kitanda changu.

Nilimpigia Zuhura.

"Dadangu, mbona sauti hivyo? Umeanguka?"

"Mtazame yule mwanasesere. Kola yake. Upande gani uko juu, wake wa kulia au wa kushoto?"

"Wallahi dawa imekupanda kichwani. Umenipigia kuniuliza habari za nguo ya karatasi?"

"Tafadhali, Zuhura."

Nilisikia kitanda kikilia. "Wa kulia. Ndio vizuri ama vibaya?"

"Nilikosea tu. Awamu ijayo njoo naye, nimvishe upya."

"Haya. Na mimi nilidhani una la maana. Basi nikupe langu: leo nimekula chapati nzima na haikurudi."

Ijumaa iliyofuata Josphat alirudi kutoka ibadani, na ndipo nilipoona kwamba rafu ni tupu. Nilikuwa nimelala alipowachukua kabla ya kwenda. Hata sikuwa nimeona. Alisimama mlangoni na suruali imelowa maji ya chumvi mpaka magotini.

"Nimewatupa baharini, kule Corniche. Wote. Mchungaji ameomba, mimi nimerusha. Khalas, yamekwisha. Sasa umefunguliwa." Akaketi, akanishika mguu juu ya shuka. "Hizi dawa zinakumaliza. Tutarudi nyumbani uombewe, upumzike. Hakuna haja tena ya kwenda kule."

Sikujua nicheke au nilie. "Unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Hujui. Wajapani wakitaka ugonjwa uondoke, humchukua mtu wa karatasi wakamtupa majini. Hivyohivyo."

Aliuachia mguu wangu. "Kwa hiyo nimewafanyia kazi yao?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulisema tu watoke."

Hakucheka. Nami sikumwambia lililokuwa moyoni, kwamba nilipoiona ile rafu tupu nilipata nafuu. Mimi niliyesema ni karatasi. Nilifurahi kwamba wale wenye kola ya maiti wamekwenda, na mara moja nikakumbuka kwamba mmoja bado yuko The Pearl, kando ya mto wa kulalia wa Zuhura.

Awamu ya nne Josphat alikataa kunipeleka. "Sikupeleki ukauawe mbele ya macho yangu," alisema, akaenda kazini. Nilichukua teksi. Kiti cha Zuhura kilikuwa na mwanamke mwingine, Mfilipino mzee aliyelala mdomo wazi. Muuguzi mmoja Mkenya alinifunga kamba mkononi akatafuta mshipa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema polepole, "Rafiki yako amesafirishwa nyumbani. Waliona dawa haimsaidii tena." Kabla ya awamu iliyofuata nilipiga namba yake ya Mombasa. Ilipokelewa na mwanamke aliyesema yeye ni dada yake. Walikuwa wamemzika jana yake, baada ya sala ya alasiri. Nilitaka kuuliza kama kulikuwa na mwanasesere wa buluu kwenye mizigo yake. Nikatoa pole, nikakata simu.

Siku ya awamu ya tano sikuamka. Baridi ilikuwa imeingia mjini, na kwa mara ya kwanza tangu niugue nilikuwa nimelala bila jasho. Josphat alijifunga tai, akanywa chai, akaniona bado nimelala.

"Huendi?"

"Ulisema nisiende. Siendi."

Alikuwa amepata alichokitaka. Alipaswa kukaa na kuanza kunisimulia habari za nyumbani. Badala yake aliinama, akanifunua kitambaa shingoni. Hakuwa amenigusa hapo tangu siku ile ya kwanza, na baada ya awamu za mwanzo uvimbe ulikuwa umenywea. Aliweka kidole chini ya taya, akakitoa, akakirudisha.

"Hiki kivimbe kimerudi lini?"

"Sijui. Wiki hii."

"Baada ya kutupa."

"Ndiyo, baada ya kutupa."

Alikaa kitandani na tai yake. Ndipo nilipomwambia yote: kuhusu kola, kuhusu rafu ya maiti, kuhusu simu niliyompigia Zuhura na chapati yake. Nilisema, "Mlikuwa sawa, wewe na Rosa. Nilimvisha mwanasesere nguo ya maiti nikampa Zuhura mkononi."

Nilitarajia aogope. Badala yake alinikasirikia, kweli kabisa, kama nilivyokuwa nikimkasirikia mimi.

"Ulimpa wapi hiyo doli?"

"Hospitali."

"Alikuwa amekaa wapi?"

"Kwa kiti cha dripu."

"Nani alimweka kwa kiti cha dripu? Doli? Si alikuwa mgonjwa kabla hata hajakujua? Wewe si ndiye umeniambia miezi yote hii ni karatasi, ni karatasi, mpaka nikaonekana mjinga ndani ya nyumba yangu? Sasa leo ndiyo si karatasi?"

"Wewe mwenyewe hujawahi kuamini kuwa ni karatasi."

"Mimi wacha. Mimi nitaamini kesho. Leo vaa."

Alinivisha mwenyewe, sweta, soksi, kitambaa, akiniinua mikono kama mtoto. Alifunga vifungo vyote kwa kuwa alijua siwezi. Ndani ya gari hatukusemezana. Tulipofika nilishindwa kufungua mlango; shida haikuwa vidole wakati huo, ni mimi tu. Nilimwambia anipe dakika. Alinipa, kisha akazunguka akaufungua kwa nje.

"Shuka, mama. Dripu haiwezi kuletwa hapa parking."

Alikaa nami ukumbini siku ile, pale ambapo wanaume hutakiwa wakae upande wao, mpaka mlinzi alipokuja. Josphat alinyanyuka, akaomba radhi, akasimama ukutani ambapo ningemwona. Alisimama mpaka nikamaliza. Aliporudi kazini alipewa barua ya onyo, na hakunionyesha mpaka mwaka uliofuata.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo kulikuwa rahisi. Awamu ya sita niliipata na homa, nikalazwa, nikamsikia mgonjwa wa kitanda jirani akiondolewa na kitanda kikitandikwa upya kabla ya mchana. Awamu ya saba mishipa ya mkono wa kulia iliungua ikawa kama kamba nyeusi chini ya ngozi. Mvua ilinyesha mara moja wakati huo, mitaa ya Al Mansoura ikajaa maji, tukafika tumelowa. Ya nane nilipewa upepo wa vumbi ulipokuwa umeanza, jua limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Josphat alinipeleka kila mara. Bado alisali dhidi ya wanasesere, nilimsikia. Alisali na kuendesha.

Picha ya mwisho ilipotoka daktari alisema uvimbe hauonekani. Hakusema haupo, nami nilikuwa nimejifunza kusikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Ningerudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka.

Ganzi haijaondoka. Imepungua kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Wa kulia ni kana kwamba umevaa glavu ambayo sitaivua. Siwezi tena kukunja ile mikunjo midogo ya nywele, na sijatengeneza mwanasesere tangu ile rafu ilipokuwa tupu. Wanaokuambia kwamba utarudi kuwa ulivyokuwa wanakupenda, lakini hawajui. Utarudi mtu mwingine, mwenye kazi za kujifunza upya: kufunga vifungo, kuhesabu sarafu kwa macho, kupiga namba ya rafiki na asipokee yeye.

Kama unaanza leo, na nyumbani kwako kuna anayesema ni pepo, ni jicho la jirani, ni mchezo wa mtu, usipoteze nguvu zako kumshinda kwa hoja. Mimi nilizipoteza. Mwulize jambo moja tu: atakupeleka au hatakupeleka. Na siku ambayo wewe mwenyewe utaanza kuamini mambo hayo, maana siku hiyo huja, hata kwa wale tunaojiona tumeelimika, omba awepo wa kukuvalisha soksi bila kusubiri ukubaliane naye.

Jioni ya siku ile ya majibu Rosa alipiga simu. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, kisha akataka kujua, ili ashuhudie kanisani, ni nini hasa kilichoniponya: ni maombi ya mchungaji, au ni wale madoli kutupwa baharini.

Josphat alinitazama. Alikuwa amechoka, alikuwa na safari ya uwanja wa ndege alfajiri.

"Ni gari," alisema. "Nilimpeleka na gari."